Toroli Kumi na Nane za Nafisa

Toroli ya mfano iliingia karakana siku ya Jumatatu, imefungwa kamba juu ya lori la vitunguu lililokuwa linarudi tupu kutoka Arusha. Watu wawili waliishusha wakaiweka katikati ya uwanja, na kila aliyekuwepo akaizunguka kama watu wanavyomzunguka ng'ombe mgeni mnadani. Bernadina hakusogea. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona yake anapiga msasa keria ya gari la watalii, akaitazama kutoka pale pale, maana alikwisha kujifunza kwamba katika karakana ile anayesogelea kitu ndiye anayebebeshwa.

Mwenye toroli alikuwa Nafisa, mwanamke mwenye maduka mawili mjini Karatu, ambaye sasa alikuwa anafungua supamaketi kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro. Alizungumza akiwa bado ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu. Toroli za wateja zinazouzwa tayari, alisema, zina vigurudumu vya kuchezea watoto. Zikitoka tu mlangoni kwenda kwenye magari zinazama kwenye changarawe. Yeye anataka za kutengenezwa hapa hapa, kumi na nane, kama hii aliyoileta, ila ziwe na magurudumu makubwa ya mpira. Zikae nje mlangoni kwa mstari. Ufunguzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mkuu wa wilaya amekwisha alikwa, na asingependa kumwambia mkuu wa wilaya kwamba mafundi wa Karatu wanalala. Akapandisha kioo akaondoka.

Karakana ilikuwa ya Mzee Shaabani, mtu wa Kondoa aliyezeekea Karatu, na kazi yake ya miaka yote ilikuwa magari ya watalii: keria za juu za kubebea mizigo, ngao za mbele, ngazi za kupandia. Fundi wake mkuu aliitwa Josephati. Huyu alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye moto wa kuchomelea, na hakuna gari lililoshuka kreta ya Ngorongoro na keria yake likapiga kelele. Wa pili alikuwa Inosenti, mtu mzima kutoka Mbulu, baba wa watoto wanne, mkunja mabomba, mpole kama maji ya mtungini. Wa tatu ndiye Bernadina.

Siku Bernadina alipofika kutoka kijijini Ganako, Mzee Shaabani alimwambia ataanzia kwenye rangi na ataishia kwenye moto. Sasa ilikuwa imetimia miaka miwili na miezi minne, na bado alikuwa anaanzia. Kazi yake ilikuwa msasa, grenda na brashi. Josephati alimwambia mapema kwamba moto una wenyewe, na kila mara alipomkuta karibu na mashine ya kuchomelea alimuuliza kama amepotea njia ya jikoni. Bernadina alisubiri Josephati aende kula, ndipo akachukua vipande vya chuma vilivyotupwa na kuviunganisha, akaviangalia, akavikata, akavirudisha kwenye takataka kama vilivyokuwa.

Ila mvua za mwaka ule zilikuwa zimewaondoa wageni. Uwanja uliozoea magari kumi ulikuwa na matatu. Jumatatu ile jioni Mzee Shaabani aliwaita wote, akasema kazi ya toroli ikiisha, mmoja wao itabidi apumzike nyumbani mpaka msimu urudi. Hakutaja jina. Josephati ndiye aliyemtaja, kwa macho tu, na Bernadina akaelewa kwamba shamba la maharage ya ngwara la mama yake linamsubiri, na kwamba akirudi Ganako na jembe begani hakuna msimu utakaomrudisha mjini.

Sasa katika karakana ile kulikuwa na sheria moja iliyozidi sheria zote: pembe kwanza. Keria isiyokaa kwenye skwea, kile chuma cha kupimia pembe, hutetemeka, ikitetemeka hulia, ikilia kutoka geti la Lodoare mpaka Seronera ndani ya Serengeti mgeni hulalamika, na mgeni akilalamika dereva habadilishi keria, anabadilisha karakana. Kwa hiyo Josephati alipoikagua toroli ya Nafisa aliona makosa matupu. Kikapu chake kilikuwa kipana nyuma na chembamba mbele. Akacheka, akasema kamba za lori zimeibana njiani, watu wa vitunguu hawajui kufunga mzigo. Akaweka jeki ndani ya kikapu, akakitanua mbele mpaka skwea ikakubali. Tena akakuta mlango wa nyuma unaning'inia juu tu, chini uko huru, unapiga pa-pa-pa ukiguswa. Akasema weldingi ya chini imekatika. Akaichomelea, pande zote mbili, ikatulia kimya.

"Sasa ni toroli," akasema. Akachukua tepu akaanza kupima.

Kesho yake Bernadina aliambiwa aioshe ile ya mfano, maana ilikuwa na matope ya njia nzima. Akaiosha kwa kitambaa, waya mmoja mmoja, taratibu, kama alivyofanya kila kitu. Ndani ya kikapu, ubavu wa kushoto na wa kulia, aliona mistari miwili ya mng'aro, mahali ambapo chuma kilikuwa kimesuguliwa miaka mingi mpaka kikawa kama kijiko. Mistari ile ilikuwa imenyooka na ya kimo kimoja. Vitu vya wanunuzi havisugui namna ile. Mfuko wa sembe hukwaruza hapa, dumu la mafuta hukwaruza pale. Hiki kilikuwa kitu kimoja, kilichoingia njia ile ile, mara elfu. Akaenda nje ya kikapu, upande wa mbele, akakuta mng'aro mwingine. Akapima kwa shubiri kutoka chini: kimo kile kile.

Akakaa na kitambaa mkononi. Kilichokuwa kinaingia ndani ya toroli ile kilikuwa na kimo cha toroli ile, na ubavu wa toroli ile. Kilikuwa toroli. Toroli iliingia ndani ya mwenzake kwa nyuma, ikiusukuma ule mlango uinuke, na kwa sababu mbele ni nyembamba ikazama mpaka karibu na mwisho. Ndiyo maana ya kukaa kwa mstari. Mtu akiwa na moja tu hawezi kuliona jambo hilo. Huonekana zikiwa mbili.

Alimwambia Josephati wakati wa chai. Hakuchagua wakati mzuri, maana palikuwa na madereva wawili wa utalii wakisubiri magari yao, lakini Josephati alikuwa amekwisha kukata mabomba ya toroli nne na Bernadina aliona kila dakika ni chuma kinachopotea. Alieleza vizuri, akaonyesha mistari, akaonyesha mlango. Inosenti alikuwa pembeni na kikombe chake, akasogea, akatazama, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa.

Josephati alimaliza chapati yake kwanza.

"Binti, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba, fundi."

"Basi ndiyo maana. Toroli iko kidato cha pili." Madereva wakacheka, naye akapata nguvu. Alisema mtu anayeshinda anapaka paka rangi mwisho hujiona anapaka na akili za wenzake. Alisema mistari ile ni kutu iliyosuguliwa na kitambaa chake mwenyewe. Kisha akainuka, akachovya brashi kwenye kopo la rangi ya kijani, akaja akampaka Bernadina mstari mmoja kwenye paji la uso, polepole, kama fundi anayeweka alama ya kukata. "Haya. Sasa na wewe umo kwenye kipimo."

Madereva hawakucheka tena. Inosenti alirudi kwenye mabomba yake. Bernadina alikaa na rangi ile usoni mpaka jioni. Hakuifuta, na hakusema neno.

Hakusema kesho yake, wala kesho kutwa. Mzee Shaabani alikuwa na kanuni kwamba maneno ya kazi yapite kwa fundi. Aliwahi kumfukuza mtu kwa kupeleka habari ofisini. Bernadina aliishika kanuni ile kama mtu anavyoshika fimbo ya nyoka. Siku kumi za kazi Josephati alichomelea, na siku kumi Bernadina alipaka rangi. Kila toroli iliyokuja mbele yake ilikuwa imara, imenyooka, haina mlio, na haifai kitu. Aliipaka kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Aliingiza brashi kwenye kila kona ya mlango uliochomelewa ukafa. Usiseme hakujisikia vizuri. Alijisikia vizuri sana, na jambo hilo lilimtisha kidogo, kisha likaacha kumtisha.

Toroli zilipelekwa supamaketi Jumamosi, zote kumi na nane, juu ya lori. Josephati alivaa shati safi. Bernadina na Inosenti walichukuliwa ili kushusha, na Mzee Shaabani alikuja na gari lake kupokea shukrani. Nafisa alitoka amejifunga mtandio, akazitazama zilivyojipanga kwenye changarawe, akasifu magurudumu. Kisha akashika moja akaisukuma ndani ya nyingine.

Ziligongana kwa sauti kubwa. Akarudi nyuma akasukuma tena, kwa nguvu, akidhani rangi mpya ndiyo inayokwamisha. Zikagongana tena. Akazunguka akajaribu mlango wa nyuma kwa mkono, akauvuta, akausukuma, akainama akaiona weldingi.

"Nani amezifunga hizi?"

Josephati akajibu kwa fahari kwamba ile ya mfano ilikuja imekatika, ameirekebisha na hizi ametengeneza za kudumu.

Nafisa akayafungua maneno kama mtu anayefungua gunia kwa kisu. Aliuliza toroli kumi na nane zitakaa wapi, kila moja na kiwanja chake kama kaburi? Aliuliza wateja waegeshe magari juu ya paa? "Sufuria za mama ntilie zinaingiana. Ndoo zinaingiana. Vikombe vya plastiki vya shilingi mia tano vinaingiana. Mzee Shaabani, mafundi wako wameshindwa na vikombe?"

Mzee Shaabani alimgeukia Josephati, na Josephati, mbele ya watu wote wale, akamgeukia Bernadina. Akasema binti huyu ndiye aliyeosha ile ya mfano, yeye ndiye aliyeishika mwisho, kama kulikuwa na jambo la kuona angeliona yeye. Yeye fundi alipewa kipimo kilichokwisha haribika.

Bernadina hakubishana naye. Ile ya mfano ilikuwa imerudishwa pamoja na nyingine. Akaenda akaivuta mpaka mbele ya Mzee Shaabani, akaweka kidole kwenye mng'aro wa ndani, akakiburuza urefu wote wa ubavu. Kisha wa nje. Kisha akaeleza, kwa sentensi tatu.

Mzee Shaabani alitazama kidole, akatazama uso.

"Umelijua lini hili?"

"Siku ya pili, mzee."

"Na ukapaka rangi toroli kumi na nane."

"Nilimwambia fundi. Maneno ya kazi yanapita kwa fundi."

Josephati akasema hakuambiwa kitu. Mzee Shaabani akamwita Inosenti, akamuuliza kama yeye alisikia. Inosenti alitazama magurudumu. Alikuwa na watoto wanne na mvua zilikuwa bado hazijaisha. Akasema siku hiyo alikuwa anakata bomba na grenda ina kelele, hakusikia.

Bernadina alimtazama mara moja tu.

Mzee Shaabani alitoa hukumu pale pale kwenye changarawe, Nafisa akiwa shahidi. Fundi asiyejua, alisema, anaweza kufundishwa. Lakini mtu anayejua akanyamaza, akaona chuma kinaungua siku kumi na yeye anakipamba, huyo ni mtu wa namna gani? Basi atakayezirekebisha ni huyo anayejua. Atakata yeye, atachomelea yeye. Josephati atamshikia vyuma, na asipotaka kumshikia, geti analijua. "Na Jumamosi ya ufunguzi zisipoingiana, Bernadina, unakwenda Ganako, na sitasema ‘mpaka msimu urudi’. Zikiingiana, utakaa kwenye moto."

Ndivyo Bernadina alivyopewa alichokuwa anakitaka: mbele za watu, kwa hasira, na huku adui yake ndiye ameshika upande wa pili wa bomba.

Toroli zote, pamoja na ile ya mfano, zilirudishwa karakana. Jumatatu Bernadina alichora toroli kwa chaki kwenye sakafu, mbele nyembamba, nyuma pana. Vikapu vilikuwa vimefungwa kwa bolti juu ya fremu za magurudumu, kama keria inavyofungwa juu ya gari, kwa hiyo aliagiza vifunguliwe vyote. Fremu zikasukumwa ukutani, vikapu vikabaki uwanjani. Josephati alisimama juu ya mchoro wa chaki kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akachuchumaa, akashika chuma.

Weldingi zake za kwanza zilikuwa mbaya. Josephati aliziita kinyesi cha mbuzi, na hakukosea. Lakini kwenye grenda hakuna aliyemweza Bernadina. Alichokosea kwa moto alikinyoosha kwa jiwe la grenda. Jambo gumu lilikuwa lile la kushika. Mtu mmoja hawezi kuchomelea kikapu; lazima mwingine ashikilie ubavu kwenye mstari mpaka nukta ya kwanza ya moto ipoe. Na Josephati alishika vizuri kabisa mpaka Bernadina ashushe kofia ya kuchomelea usoni. Ndani ya kofia huoni kitu mpaka moto uwake. Hapo, katika ule mpepeso wa jicho, ubavu ulisogea upana wa ukucha.

Mara ya kwanza alidhani ni yeye. Alipima, akakuta imekwenda, akachukua grenda akaikata nukta.

"Shika tena, fundi."

Mara ya pili ilisogea tena. Akapima, akakata. "Shika tena."

Kwa kikapu kimoja alikata mara tano, na hakupandisha sauti, na kila mara alipima mbele ya macho ya Josephati, akiiacha tepu wazi ili aone namba. Cheche za grenda zilimrukia Josephati mikononi na Bernadina hakugeuza jiwe upande mwingine. Naye Josephati hakuondoa mikono. Mara ya sita ubavu haukusogea. Sidhani kama alimwonea huruma. Nadhani mtu aliyeishi na skwea miaka ishirini na miwili mkono wake mwenyewe ulichoka kudanganya.

Wakaendelea hivyo, kikapu kwa kikapu. Hawakusalimiana asubuhi wala kuagana jioni. Inosenti alikunja bawaba za milango ya nyuma, na chai alikunywa peke yake, maana kila upande ulimwona ni wa upande wa pili. Alijaribu kumwambia Bernadina kwamba watoto wana ada. Bernadina alimwambia ampe bawaba ya kumi na mbili.

Jumatano ya wiki ya ufunguzi vikapu kumi na nane vilikuwa tayari. Bernadina alivipanga chini, akavisukuma kimoja kimoja. Milango iliinuka, mbele ikazama, mstari mzima ukawa mfupi kama mtu amemeza wenzake. Mzee Shaabani alitoka ofisini akatazama, akarudi ndani bila kusema, na kwake huko kulikuwa kusifu.

Alhamisi walivifunga juu ya fremu zake. Toroli mbili za kwanza zilipokuwa tayari, Bernadina akaishika ya nyuma akaisukuma ndani ya ile ya mbele. Mlango ukainuka. Kikapu kikaingia shubiri moja. Kisha chini pakasikika mgongano wa mpira na chuma, ikasimama.

Akainama. Magurudumu ya mbele ya toroli ya nyuma yalikuwa yamegonga magurudumu ya nyuma ya toroli ya mbele, uso kwa uso. Fremu za chini zilikuwa zile zile za Josephati: pembe kwanza, mbele sawa na nyuma. Siku zote zile yeye alikuwa anatazama kikapu, kwa sababu mng'aro ulikuwa kwenye kikapu, na kwa sababu kikapu ndicho kilichokuwa kosa la mwenzake. Chini hakuwahi kutazama.

Alipoinua macho Josephati alikuwa amekaa juu ya pipa, anajifuta vidole kimoja kimoja.

"Ulijua," Bernadina akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipochora chaki. Mtu anachora paa, hachori msingi." Akakikunja kitambaa akakiweka mfukoni. "Wewe ulinipa siku kumi. Mimi nimekupa tisa. Nina huruma kukushinda."

Inosenti aliacha kufunga bolti. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na ndani redio ya Mzee Shaabani ilikuwa inasoma hali ya hewa. Hatua ishirini tu. Bernadina angeweza kwenda kusema. Na mzee angetoka akauliza, na Josephati angesema hakujua, na Inosenti angesema grenda ina kelele.

Akaigeuza toroli ya mfano miguu juu. Fremu yake haikuwa imeguswa na jeki. Josephati alinyoosha kikapu tu. Mbele magurudumu yalikaribiana, nyuma yakaachana, mwanya wa kutosha gurudumu kupita katikati. Ilikuwa wazi kama njia ya ng'ombe. Wiki tatu ilikuwa uwanjani, na yeye aliiosha kwa mikono yake, na hakuiona. Alihesabu: fremu kumi na nane, siku mbili kasoro.

"Shika," akamwambia Josephati.

"Niombe."

"Sikuombi. Nimekosea, nimeona, nakata. Wewe ulipoonyeshwa ulipaka mtu rangi usoni." Akashusha fremu ya kwanza mbele yake. "Shika, au kaa hapo juu ya pipa, Jumamosi uje umweleze Nafisa kwa nini jina la karakana yako linagongana."

Josephati alikaa. Bernadina akawasha grenda, akakata mbele ya fremu ya kwanza, akaibana kwa goti na bega, akashusha kofia, akachomelea peke yake. Ilitoka imepinda. Akaikata. Akaibana tena kwa goti, cheche zikatoboa gauni lake la kazi pajani, ikatoka imepinda upande wa pili. Akaikata. Alipoishika mara ya tatu kulikuwa na mkono mwingine kwenye bomba, na bomba lilikuwa limenyooka. Hakumtazama mwenye mkono. Akashusha kofia.

Kwa fremu kumi na nane zile hakuna kilichosogea hata unywele. Walifanya kazi kwa chuki safi, kila mmoja akichunga mwenzake asije akapata sababu. Wala hawajawahi, kabla yake au baada yake, kutengeneza kitu kilichokaa sawa namna ile.

Jumamosi asubuhi toroli zilisukumwa mlangoni kwa Nafisa, moja ndani ya nyingine, tra-tra-tra-tra, kumi na nane zikachukua nafasi ya gari dogo moja. Nafisa alivuta moja ikatoka bila kugoma, akairudisha. Alisema rangi bado inanuka. Kisha akawaambia wasogee, mkuu wa wilaya yuko njiani na wao wamechafuka.

Jumatatu Mzee Shaabani aliwaita tena. Alisema amewaza siku mbili. Josephati hawezi kumwondoa, maana keria ni Josephati. Bernadina hawezi kumwondoa, ameahidi mbele ya mteja, na Nafisa amekwisha uliza kama kuna anayeweza kumtengenezea rafu za ghala. Lakini kazi ya watu watatu haipo. Akamtazama Inosenti.

"Nilikuuliza ulisikia nini. Ukaniambia grenda. Hawa wawili wanachukiana, lakini kila mmoja najua amesimama wapi. Wewe sijui." Akamwambia apumzike nyumbani mpaka msimu urudi.

Inosenti alikusanya bakuli lake na koti, akaaga kwa mkono, kwanza Josephati, kisha Bernadina. Mkono wake ulikuwa mzito na mkavu. Bernadina alitaka kusema neno, na hata kinywa alikifungua, lakini katika yote aliyokuwa amepigania mwezi ule hakuwahi hata mara moja kumwaza mtu huyu, akabaki hivyo mpaka Inosenti alipovuka barabara kuelekea stendi ya magari ya Mbulu.

Uwanjani lilibaki gari moja la watalii, linasubiri keria. Josephati alipanga mabomba, akaweka skwea, akachuchumaa upande wake.

"Siku kumi," akasema bila kuinua kichwa, "unapaka rangi makosa ya mtu, na usiku unalala."

"Nililala vizuri, fundi."

"Najua. Ndiyo maana sitakupa mgongo mpaka nazeeka."

"Usinipe," Bernadina akasema. "Shika bomba."

Akashusha kofia, gizani akasikia pumzi yake mwenyewe, akagusa chuma, moto ukawaka.